Kusoma Kijapani Nkungu, na dola 150 za mama

Niliahidi kuandika tangu mwezi uliopita, na kila mara nilikuwa na kisingizio: simu imezima, MB zimeisha, ni zamu yangu ya maji. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa mama ajue. Mama hayuko kwenye kundi hili, lakini mabinti wa jirani wako, na hangari haina siri. Sasa mama amejua, na bado ananiita mtoto wake, basi naandika.

Kwetu ni uwanda wa Ruzizi, upande wa Luvungi. Vita viliposhuka mpaka kwetu tulivuka Bugarama kwa miguu, mimi, mama na wadogo zangu wawili, halafu tukaletwa hapa Nyarushishi, sekta ya Nkungu, wilaya ya Rusizi. Kwa asiyepajua: ni mlimani. Kwetu jua linachoma, mpunga unaiva, mtu analala bila shuka. Huku asubuhi ukungu unaingia mpaka ndani ya blanketi, na si mbali kuna mashamba ya chai ya Shagasha, kijani tupu. Mahali hapa pamebeba watu kabla yetu. Mwaka 1994 maelfu ya Watutsi waliokuwa wanawindwa walikusanywa hapa hapa Nyarushishi, hawajui kama watapona. Mzee mmoja wa Nkungu alinisimulia, na jioni ile sikuwa na neno la kulalamika.

Kituo chetu ni cha kupita. Ndilo jina lake na ndiyo tabia yake. Orodha inasomwa, basi linakuja, watu wanapanda kwenda Mahama, na pale walipolala jana leo wamelala wengine. Ukianza kumsuka mtu nywele unamaliza siku ileile, juu hujui kesho. Ndiyo maana watu walicheka waliposikia sisi wanne tumeanza kusoma Kijapani. Kijapani! Hata Kinyarwanda cha sokoni hatujakimaliza.

Kilianza kwa bahati. Yaya mmoja wa hangari ya pili, aliyekuwa anasoma mambo ya umeme Uvira, alikuwa na masomo ya sauti aliyoyaweka kwenye simu zamani. Kumbe NHK, shirika la utangazaji la Japani, lina idhaa ya Kiswahili, na idhaa hiyo ina masomo ya Kijapani yanayoelezwa kwa Kiswahili. Ndani yake kuna msichana anaitwa Tam, ametoka Vietnam, amefika Tokyo kusoma. Anajitambulisha, anauliza bei, anapotea njia, anaugua, anaenda kwa daktari. Tulikuwa tunamsikiliza wanne kwenye simu moja yenye kioo kilichopasuka, nyuma ya jiko. Sitawadanganya kwamba tulikuwa na mpango mkubwa. Tulisikiliza Tam juu hakukuwa na kitu kingine cha kusikiliza isipokuwa orodha ya basi.

Halafu nikanogewa. Sisi wa Kiswahili tuna bahati ambayo hakuna aliyetuambia. Vokali zao ni zetu: a, i, u, e, o, unazitamka vilevile, ila uangalie ndefu na fupi, juu obasan ni shangazi na obaasan ni bibi, na hakuna shangazi atakayekusamehe. Silabi zao nyingi ni kama zetu, konsonanti na vokali, ka-ki-ku-ke-ko. Mfaransa anahangaika na neno ambalo mtoto wa Uvira analisema mara ya kwanza. Hata vitenzi vyao vinabeba mzigo kama vyetu. Sisi tunasema "sikula" na yamo yote, nani, lini, na kwamba hapana. Wao nao wanarundika vipande nyuma ya kitenzi kimoja mpaka "sikutaka kula" inakuwa neno moja refu: tabetakunakatta. Nililisema mara ishirini usiku mpaka mdogo wangu akanirushia kiatu.

Na maneno yenyewe yanacheza. Saba kwao ni samaki. Kuku ni jedwali la kuzidisha, lile la darasa la tatu. Nani si mtu, ni kitu: "nini". Uchi ni nyumbani, basi fikirieni siku yaya wetu alipotangaza mbele ya wamama kwamba anataka kurudi uchi. Haha ni mama, lakini mama yako wewe tu. Mama wa mwenzako unamwita okaasan, kwa heshima. Hai, ambayo kwetu ni mtu anayepumua, kwao ni "ndiyo", na mwalimu akisoma majina darasani ndivyo unavyoitika. Hapa kituoni tulianza kuitika hivyo kwenye orodha. Jina linasomwa, tunajibu "Hai!", na dada wa shirika anasema, ndiyo, naona mko hai, sogeeni.

Goma ni ufuta. Hilo nitalirudia.

Maandishi ndiyo mlima. Kuna hiragana, alama 46, na katakana 46 za kuandikia maneno ya kigeni, na halafu kanji, zile alama za Kichina. Orodha ya kawaida ya kanji ambazo mtu aliyesoma anatakiwa kuzijua ni 2,136. Sisi tunazo kama sitini, tukijumlisha zile tunazobishania. Ila kanji zina utamu wake. Mtu akiegemea mti, hiyo ni "kupumzika". Mkimbizi ni nanmin, alama mbili: shida, na watu. Na yule mwanafunzi anayesoma ugenini, kama Tam, ni ryugakusei, na alama ya kwanza ya neno hilo maana yake ni kubaki. Niliitafuta sababu. Zamani sana, karne ya 7 mpaka ya 9, watawala wa Japani walikuwa wanatuma wajumbe China kwa merikebu. Wajumbe walimaliza kazi wakarudi, lakini vijana wengine waliachwa huko wasome. Hao waliobaki ndio walioitwa hivyo. Mwanafunzi anayebaki. Nilikaa na neno hilo siku nzima. Mimi nilikuwa sehemu ambayo kubaki hairuhusiwi.

Hapo ndipo ndoto iliniingia vibaya. Nikaanza kujiona Tokyo, na begi, nachelewa treni. Na mtu akiwa na ndoto namna ile, komisioneri anasikia harufu yake hata akiwa mbali.

Alikuja kwa WhatsApp, kwenye kundi la vijana wa kwetu ambalo si hili. Aliandika vizuri, kwa Kiswahili cha nyumbani, anakuita "dada yangu". Nafasi za shule ya lugha Japani, miaka miwili, unasoma asubuhi, jioni unafanya kazi saa zote unazotaka, mshahara dola 1,500, pasipoti si lazima kwa mkimbizi. Kwanza dola 50 za dosie. Halafu dola 100 za kushika nafasi, kabla ya Ijumaa.

Mama alivuka na dola 230 zilizoshonwa ndani ya pindo la sketi. Ni pesa ya mpunga wa msimu wa mwisho na vikwembe viwili vya wax alivyouza njiani. Nilimwambia nahitaji 150 za kufuatilia karatasi zangu za Exetat, juu diploma yangu imebaki shuleni na bila diploma mimi ni mtu bure. Mama hakuuliza mara mbili. Alikaa kwenye mkeka, akafumua ule uzi kwa meno.

Nimeandika sentensi hiyo na nimesimama kwanza kidogo.

Baada ya wiki ikaja barua. Picha ya barua, kwa kweli. Kizungu juu, Kijapani chini, na muhuri mwekundu wa mviringo. Nililia kwa furaha. Niliwaonyesha wenzangu watatu, tukaizungusha simu tukitafuta herufi tunazozijua. Kanji zilitushinda, lakini katikati ya muhuri kulikuwa na katakana nne kubwa, na katakana tunazisoma. Ra. Kile kistari cha kuvuta. Me. N. Raamen. Yaya akasema labda ni jina la mkurugenzi. Mimi nikasema, lina Amen ndani, Mungu amejibu. Naapa nilisema hivyo.

Usiku nikalitafuta kwenye kamusi ya simu. Ramen ni tambi. Tambi za mchuzi, zinauzwa kila kona ya Japani. Muhuri wa shule yangu ulikuwa nembo ya mgahawa, mtu ameitoa kwenye intaneti akaipaka nyekundu. Nikaanza kuisoma barua upya, sasa kwa macho. Ilisema masomo yanaanza mwezi wa 9. Shule za lugha za Japani zinapokea wanafunzi mwezi wa 4, wa 7, wa 10 na wa 1. Nilijua, nilikuwa nimeshasoma hivyo mahali, ila sikutaka kujua. Nilimwandikia. Alama mbili za bluu, halafu picha yake ikapotea.

Nilipomaliza kujichukia, nilifanya kitu ambacho nilipaswa kukifanya mwanzo: nikaitafuta njia yenyewe ilivyo, bila komisioneri. Nawawekea hapa, juu najua humu ndani kuna wengine wawili au watatu waliotumiwa barua za tambi.

Mwanafunzi wa lugha haendi Japani kwa kununua viza. Shule yenyewe, iliyoko Japani, inakukubali kwanza, halafu inakuombea cheti kwa idara ya uhamiaji ya huko, cheti cha kuthibitisha kwamba unastahili kukaa kama mwanafunzi. Cheti hicho kikitoka, ndipo wewe unaenda ubalozini na pasipoti au hati ya kusafiria. Inachukua miezi. Anayetaka kuanza mwezi wa 4 anapeleka karatasi mwaka uliotangulia. Wanataka miaka 12 ya shule, hapo sisi wa Kongo tuliomaliza sekondari tuko sawa, lakini wanataka diploma yenyewe, si maneno. Wanataka kuona umeshajifunza Kijapani kidogo, kama saa 150 darasani, au umefaulu N5, ngazi ya chini kabisa ya mtihani wao. Mtihani huo, kwa upande wetu huu, unafanyika Nairobi, mwezi wa 12. Na wanataka kuona nani atakulipia: barua ya benki ya mtu mwenye akiba na kazi.

Ada ya mwaka mmoja kwenye shule hizo ni kama yen laki 7 mpaka laki 9. Weka dola elfu 5 kichwani. Ukaaji wa shule ya lugha mwisho miaka miwili. Na ile kazi ya saa zote unazotaka haipo: mwanafunzi akipata kibali anafanya saa 28 kwa wiki, basi, isipokuwa likizo ndefu. Nikafanya kuku, ile ya kuzidisha. Yen 1,000 kwa saa, mara 28, mara wiki nne, unapata yen 112,000 kwa mwezi. Toa ada, toa chumba, toa treni, toa chakula. Haitoshi, na bado hujatuma hata shilingi kwa mama. Vijana wengi wa Nepal na Vietnam wamekwenda hivyo kwa mkopo wa madalali wa kwao, wanasoma mchana na kupanga bidhaa dukani usiku, wanasinzia darasani, deni halipungui. Tam wa NHK hasinzii. Nampenda Tam, lakini sijui nani anamlipia.

Sasa mkimbizi. Mkataba wa wakimbizi wa 1951, kifungu cha 28, unasema nchi inayotuhifadhi itupe hati ya kusafiria, na Rwanda imo kwenye mkataba, na Japani nayo imo tangu 1981. Kwa hiyo "pasipoti si lazima" ya komisioneri ilikuwa nusu kweli, na nusu kweli ndiyo iliyoninasa. Pasipoti si lazima, ila hati ni lazima, na hati inafuata kitambulisho cha ukimbizi, na kitambulisho kinafuata kuandikishwa, na mtu wa kituo cha kupita yuko mwanzo kabisa wa mstari huo.

Na milango ya kweli ipo. Mwaka 2017 shirika la Japani la kusaidia wakimbizi, JAR, lilianza kuwachukua vijana wa Syria waliokuwa wamekimbilia Uturuki. Shule za lugha zilikubali kuwaondolea ada, wakaingia Japani kwa mlango huohuo ninaoutaka mimi, wanafunzi wa lugha. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa Pathways Japan mwaka 2021, ikafuata Waafghani, halafu Waukraine. Kwa hiyo si hadithi. Wakimbizi wameshapita pale. Kuna na ufadhili wa vyuo vya Japani pamoja na HCR, tangu 2007, lakini huo ni kwa wakimbizi walioko Japani tayari. Wanyarwanda wanaosoma kompyuta Kobe wanapitia JICA, wanasoma shahada ya pili, na kwa Kiingereza, kwa hiyo msije mkaambiwa na mtu "binamu yangu yuko Kobe" mkadhani ni jambo lilelile. (Ndiyo, Kobe. Mji mkubwa, na haukimbii.)

Ndugu wa mashirika, hapa nawaomba kidogo. Tumefundishwa kunawa mikono mara nne, na tunanawa. Hakuna hata siku moja mtu alikuja kukaa na vijana akasema: hii ndiyo DAFI, ilianza 1992, ni ufadhili wa chuo kikuu kwa wakimbizi, haidai pesa ya dosie. Hii ndiyo Kepler, iko mpaka Kiziba kule Karongi. Hizi ndizo nafasi za nje, na hizi ndizo alama za mwizi. Saa moja tu, kabla ya basi. Komisioneri hakutushinda kwa akili. Alitushinda kwa sababu yeye alikuja.

Nilisema nitarudi kwenye ufuta.

Kuna mwanamke anaitwa Marie Louise Kambenga. Alizaliwa Kongo, wazazi wake Wanyarwanda. Alikuwa anafundisha ushonaji Kigali, kwenye shule ambako wajitolea wa Kijapani walikuwa wanafundisha, na kwa njia hiyo mwaka 1993 akapelekwa Fukushima kujifunza zaidi kushona. Si chuo kikuu, si udaktari, ni cherehani. Na kwa kuwa alikuwa kwao, akajifunza lugha yao. Akarudi Kigali mwanzoni mwa 1994, wiki chache kabla ya mauaji ya kimbari kuanza. Alikimbia na watoto watatu mpaka akafika Goma.

Goma yetu, ile ya mawe meusi, mwaka ule ambao hatuhitaji kuelezwa. Mji ambao kwa lugha aliyoijifunza jina lake ni ufuta, kitu kidogo cha kunyunyizia wali. Huko walikuwepo madaktari wa Kijapani waliokuja kutibu wakimbizi, na madaktari hawakuwa na mdomo. Yeye alikuwa nao. Akawa mkalimani wao: mgonjwa anasema kwa lugha yake, yeye anasema kwa Kijapani, daktari anajibu, yeye anarudisha. Mwisho wa mwaka ule marafiki aliowaacha Fukushima wakamsaidia kurudi Japani pamoja na watoto wake. Alibaki. Mwaka 2000 alianzisha shirika la elimu ya Rwanda, mwaka uliofuata likafungua shule Kigali, inaitwa Umuco Mwiza. Na mwaka 2011, tetemeko la ardhi, tsunami na mtambo wa nyuklia vilipowatoa watu wa Fukushima kwenye nyumba zao, yeye ndiye alikuwa anakwenda kukaa na waliohamishwa. Nanmin wa zamani anawasikiliza wenyeji waliofukuzwa uchi, kwa maana zote mbili.

Nimesoma habari zake mara nyingi na kila mara nasimama mahali pamoja. Alipokuwa anajifunza majina ya sindano na vifungo kwa Kijapani, hakuna aliyejua kwamba lugha hiyo itafanya kazi kambini. Wala yeye. Na sitaki kuwauzia jambo hili kama dawa, juu watu elfu nyingi walikuwa Goma ile na lugha nzuri na wakafa kwa kipindupindu. Nasema tu kwamba mimi nilikuwa nafikiri Kijapani ni tiketi, na ukikosa ndege umekosa yote. Nilipomsoma yeye nikarudi nyuma ya jiko na wale watatu, tukaendelea tulipoachia, somo la daktari. "Wapi panauma?"

Ila sikuweza kuendelea vizuri na mama hajui.

Nilimwambia jioni, tunachambua maharage. Nilianza kwa mbali, nikasema mama, zile pesa za diploma.

"Zimefika?"

"Zimeisha."

Akaendelea kuchambua. "Zimeisha au zimeliwa?"

"Zimeliwa, mama."

"Na watu wa shule?"

Hapo nikasema yote. Japani, dosie, Ijumaa, muhuri, tambi. Nilisema kwamba shule haikuwepo tangu mwanzo na kwamba nilimdanganya. Mama alinyamaza muda ambao maharage yote yaliisha. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Wajapani ndio walikula?"

"Hapana mama. Ni mtu wa kwetu. Anaongea kama sisi."

"Basi afadhali," akasema. Mpaka leo sijui alikuwa na maana gani. Hakuniongelesha siku mbili. Siku ya tatu alichukua zile dola 80 zilizobaki akazishonea mahali pengine, na safari hii hakuniambia wapi, na ni haki yake. Kila nikimwona anakaa nashangaa kama ndipo zilipo.

Wiki iliyofuata tuko nyuma ya jiko, jioni, tunasoma, mama akaja na kigoda chake. Tukanyamaza. Akasema endeleeni. Yaya akasimama kumpa nafasi nzuri, "Karibu mama, umekuja kututembelea?" Mama akasema hakuja kutembea, yeye amelipa ada ya dola 150 na hajawahi kukaa darasani hata siku moja.

Sasa anakuja karibu kila jioni. Hiragana hazitaki, anasema ni kucha za kuku, lakini sikio lake linatushinda wote. Salamu anazijua. Anahesabu mpaka mia. Nilipomweleza kwamba kwa Kijapani mtu akimtaja mama yake mwenyewe anasema haha, aliniangalia muda mrefu, akasema hao watu wanawajua watoto wao. Alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Bugarama, au labda ndiyo mara ya kwanza niliyoiona mimi.

Kuhusu mimi: diploma yangu bado iko shule, na mwalimu mmoja aliyebaki amesema ataiulizia, bila pesa. N5 nataka kuifanya siku moja, hata kama Nairobi leo iko mbali kama Tokyo. Kitabu tunachotumia sasa ni Irodori cha Japan Foundation, ni bure na sauti zake ni bure, nitamtumia yeyote faili kwa Bluetooth, usitumie MB zako. Kuhusu komisioneri, nimeweka picha ya barua yake chini ya maandishi haya. Angalieni muhuri. Kama na wewe umetumiwa wenye neno lingine, utume tulisome pamoja, inaweza kuwa supu.

Wawili kati yetu wanne wamesomwa kwenye orodha ya juzi, wanaondoka kwenda Mahama, yaya mmojawapo. Simu yenye Tam inaenda naye. Kwa hiyo kama uko Mahama na unasikia kijana mrefu anaitika "Hai!" kwenye foleni ya unga, mtafute, ana masomo 48 na hapendi kusoma peke yake. Sisi tuliobaki tunakutana nyuma ya jiko saa kumi na moja, kila siku isipokuwa Jumapili. Njoo na daftari. Kigoda cha mbele ni cha mama.